Wakuu, hii Shazam! inafaa kuangalia na mtoto wa miaka 10, au ndiyo upuuzi wenyewe?

MjombaWaNyegezi (Jumanne)

Wakuu salaam. Naomba ushauri, na msianze kunicheka kabla sijamaliza.

Namlea mpwa wangu, mtoto wa dada, hapa Mwanza. Jumamosi anatimiza miaka 10. Nilimuuliza anataka zawadi gani nikijua atasema mpira au viatu vya kuchezea. Akasema anataka tukae sebuleni mimi na yeye, tuangalie muvi mpaka iishe, na mimi nisishike simu. Hilo la simu lilinichoma, lakini tuliache.

Muvi ameshaichagua: Shazam!, ile ya 2019. Kuna mwenzake darasani amemsimulia, na sasa hivi na yeye anaisimulia kana kwamba ameiona.

Tatizo ni mimi. Muvi za mashujaa wa kuruka angani nilishaachana nazo. Ile ya Batman kugombana na Superman, ya 2016, niliikalia saa mbili na nusu: giza, mvua, watu wamenuna utadhani wanadaiwa kodi. Ilipofika katikati niliinuka kwenda kubandika wali, na niliporudi walikuwa bado wamenuna. Ile ya kundi zima ya mwaka uliofuata nilisinzia kabisa. Sasa nimechungulia vipande vya hii Shazam! kwenye simu. Libaba limevaa nguo nyekundu ya kubana, radi kifuani inawaka kama taa ya bajaji, misuli utadhani imejazwa sufi, na muda wote linachekacheka kama mtoto aliyepewa soda. Nikasema hapa nimekwisha.

Naomba mlioiona mniambie: nitavumilia? Ina vya kutisha au mambo ya aibu? Au nimshawishi tuangalie kitu kingine mapema kabla Jumamosi haijafika?

KijanaWaFlashi

Mjomba, mimi kazi yangu ni kuwaingizia watu muvi kwenye flashi, kwa hiyo nimeiona hii zaidi ya mara tano bila kupenda. Nakwambia hivi: hilo libaba linachekacheka kama mtoto kwa sababu NI mtoto. Dogo wa miaka 14 anaitwa Billy, akitamka "Shazam!" anapigwa radi na kugeuka mtu mzima mwenye nguvu, lakini kichwani anabaki dogo yule yule. Ukilijua hilo, yale yote uliyoyaona ya kipuuzi yanakaa mahali pake.

Kuna sehemu wanavamia duka wakati majambazi wapo ndani. Yeye na rafiki yake hawajui kama risasi zinampata au hazimpati. Zikishagonga kifua na kudunda, rafiki anashauri: labda ni nguo tu ndiyo inazuia, mpige usoni tuone. Na majambazi kweli wanampiga usoni! Wateja wangu wakifika hapo huwa wanarudisha nyuma.

Ushauri wa bure: usichukue ile iliyotafsiriwa. Nawaheshimu sana wanaotafsiri, wameniweka mjini, ila kwenye hii utani upo kwenye sauti na sura, na DJ akiingia juu yake anaweka utani wake. Dogo wako kama Kiingereza kinapanda kidogo, mpe ya asili, wewe umtafsirie kwa kunong'ona. Ndiyo zawadi yenyewe hiyo.

Bila_Chenga

Naona watu wameanza kupamba. Mimi niliiona nikiwa sina matarajio yoyote na ilinipa kama niliyotarajia, na chenji kidogo. Inachekesha, sikatai. Lakini ina saa 2 na dakika 12, na ile vita ya mwisho kwenye viwanja vya sherehe haina mwisho. Adui wenyewe, huyo daktari Sivana, anacheza Mark Strong, na Mark Strong ni mwigizaji mzuri, ila humu wamempa jicho la kuwaka na koti refu basi.

Halafu jina la SHAZAM ni herufi za wakubwa sita: Sulemani, Hercules, Atlas, Zeus, Achilles, Mercury. Yaani dogo amepewa hekima ya Sulemani! Anaitumia kufanya nini? Kuwarushia watu cheche mtaani ili wamtupie hela. Hekima sijaiona hata ya kununua vitunguu.

KijanaWaFlashi

@Bila_Chenga wewe ukipewa nguvu za radi ukiwa na miaka 14 ungeenda kufungua kesi mahakamani? 😂 Wanajaribu kununua bia, wanaonja, wanatema, wanarudi dukani na kutoka wamebeba peremende na bisi. Huyo ni mtoto kabisa, hajaandikwa na mtu aliyesahau utoto.

Kobe_Mzee

Vijana, kabla hamjafika mbali mzee niweke neno. Huyu mnayemwita Shazam jina lake la kuzaliwa ni Captain Marvel. Alitungwa 1939 na Bill Parker na mchoraji C. C. Beck, kampuni ya Fawcett, akatoka kwenye kitabu cha katuni cha mwanzoni mwa 1940. Miaka ile kuna wakati vitabu vyake viliuza kuliko vya Superman. Na 1941 akaigizwa kwenye filamu za vipande vipande za sinema, kabla ya Superman na Batman kuigizwa na watu.

Kampuni ya Superman ikashtaki kwamba mmemwiga mtu wetu. Kesi ikavutana miaka na miaka, mpaka 1953 Fawcett wakanyanyua mikono, wakaacha kumchapisha. Mnajua aliyekuja kumchukua baadaye, 1972? Hao hao DC walioshtaki! Ila wakati huo kampuni ya Marvel ilikuwa imeshajichukulia jina la Captain Marvel kwa mhusika wao mwingine, ndiyo maana vitabu vya DC vikaandikwa Shazam! kwenye jalada. Mwaka 2019 yakatoka yote mawili kwa kufuatana: Captain Marvel ya Marvel mwezi wa Machi, Shazam! mwezi wa Aprili. Na Djimon Hounsou, yule mwigizaji mzaliwa wa Benin, yumo kwenye zote mbili. Kwenye hii ndiye mchawi mzee mwenye ndevu anayemgawia dogo nguvu.

MjombaWaNyegezi

Shikamoo mzee Kobe. Nimeomba maji ya kunywa umeniletea ziwa zima, lakini nashukuru, hilo la kesi nitamsimulia dogo.

Kwa hiyo kuchekesha inachekesha. Nimebakiwa na lile la kutisha.

Mama_Wawili

Hapo ndipo nilipokuwa nasubiri mfike, maana wanaume mmeandika ukurasa mzima hakuna aliyelisema.

Kaka, aliyeiongoza muvi hii ni David F. Sandberg, Mswidi. Kabla ya hapo alikuwa anatengeneza za kutisha: Lights Out ya 2016 na Annabelle: Creation ya 2017. Na mazoea yana taabu. Kuna sehemu Sivana anaingia kwenye kikao cha kampuni ya baba yake na mashetani saba, yale ya dhambi kubwa saba. Kwanza anamrusha kaka yake dirishani. Halafu mashetani yanatolewa, mlango unafungwa, na unaona vivuli tu kwenye kioo, watu wanakamatwa mmoja mmoja na kelele zao. Damu si nyingi. Ila kwa mtoto kile kivuli ni kibaya kuliko damu, maana anajimalizia mwenyewe kichwani.

Mwanangu wa kwanza alikuwa na miaka 9 tulipoiangalia. Wiki nzima alilala taa ya korido ikiwa inawaka. Mdogo wake, miaka 6, hakushtuka hata kidogo, alikuwa anauliza kama wale mashetani wanakula ugali. Watoto hawafanani.

Marekani wameiwekea alama ya kwamba walio chini ya miaka 13 wazazi wawe macho. Ushauri wangu: ukiona Sivana anaelekea ghorofani kwenye kikao, mwambie dogo akakuletee maji, au sogeza mbele dakika chache. Hapotezi kitu, anachotakiwa kujua ni kwamba Sivana ana mashetani na ana kinyongo na baba yake. Matusi ni yale madogo ya Kizungu. Na kuna utani mmoja libaba linaingia klabu ya watu wazima. Ukiulizwa hapo, jitegemee.

Bila_Chenga

Dada umeongea. Hilo la kikao hata mimi nilisogea kwenye kochi.

Nyota_ya_Bukoba

Mleta uzi, samahani kama nauliza yasiyonihusu. Umesema unamlea mtoto wa dada. Dada yuko wapi? Hulazimiki kujibu hapa. Nauliza kwa sababu hiyo muvi ina kitu ambacho hakuna aliyekigusa.

MjombaWaNyegezi

Hapana, si siri. Dada aliondoka dogo akiwa na miaka 4, alisema anaenda Dar kutafuta maisha, akamwacha kwa bibi. Mwanzo alikuwa anapiga simu kila Jumapili, ikawa kila mwezi, sasa ni mwaka wa pili namba haipatikani. Bibi alipofariki nikamchukua. Dogo anajua mama "anafanya kazi mbali". Ndivyo tulivyomwambia.

Kwa nini umeuliza?

Nyota_ya_Bukoba

Pole sana kaka, na Mungu akutie nguvu kwa hiyo kazi.

Wengine mnisamehe, namwaga mchele penye kuku wengi, ambaye hajaona aruke.

Muvi yote hii imejengwa juu ya mtoto anayemtafuta mama yake. Billy alipotea kwenye viwanja vya sherehe akiwa mdogo sana. Mama alikuwa amemshindia kidude cha funguo chenye dira, kikamponyoka, akakifuata kati ya miguu ya watu, na alipogeuka mama hayupo. Miaka yote anatoroka nyumba za walezi, anakata majina ya akina mama wenye jina kama la mama yake kwenye daftari, moja baada ya jingine. Anavyoanza tu unamwona anawafungia polisi dukani ili aingie kwenye gari lao atafute anwani kwenye kompyuta yao.

Halafu anampata. Mlangoni. Na mama anamweleza kwamba hakupotea. Alimwona siku ile, yuko salama na polisi, akaamua kuondoka. Alikuwa binti mdogo, amefukuzwa kwao, akaona wengine watamlea vizuri kuliko yeye. Hamfukuzi, hamtukani, anaongea kwa upole huku anaangalia nyuma ndani ya nyumba asije akasikika. Dogo anamkabidhi ile dira aliyoitunza miaka yote. Mama anaitazama na kuuliza hiki ni nini.

Mimi nilikuja kuangalia vichekesho. Nimelelewa na bibi, mama yangu alikuwepo mji ule ule. Pale kwenye dira nilisimamisha muvi nikaenda nje kukunja nguo kwenye kamba ambazo hazijakauka.

KijanaWaFlashi

Dah. Nimeiona mara tano na hapo huwa naenda kuhudumia wateja.

Mama_Wawili

Nyota, asante. Mimi hapo nililia kimya kimya wanangu wasinione, lakini sikufikiria kabisa mtoto wa namna hiyo akiangalia.

Kaka, mimi nabadilisha ushauri. Mtafutie muvi nyingine. Hilo la mashetani linapita kwa taa ya korido. Hili sijui linapita kwa nini.

Bila_Chenga

Naungana na Mama. Siku ya kuzaliwa si siku ya kumfungulia mtoto kidonda.

Nyota_ya_Bukoba

Mimi siungani nanyi, na niseme kwa nini. Mtoto wa miaka 10 ambaye mama yake hajapiga simu miaka miwili, hicho kidonda hakifunguliwi na muvi. Anakijua. Sisi wakubwa ndio tunaodhani hajui kwa sababu hajauliza. Mimi nilikuwa sijauliza mpaka nina miaka 19, na nilikuwa najua tangu darasa la kwanza.

Na muvi haimwachi Billy pale mlangoni. Nyumba anayolelewa ina watoto sita wa kila rangi na kila umbo, wala hakuna aliyezaliwa na wenye nyumba, na hao wenye nyumba wenyewe, Victor na Rosa, walikua kwa walezi vile vile. Kuna kale kadogo, Darla, kanakumbatia kila mtu bila kuomba ruhusa. Kuna Freddy anayetembea kwa mkongojo, mwenye mdomo usiofunga. Wakikaa mezani wanaweka mikono yote katikati kabla ya kula. Siku ya kwanza Billy haweki mkono wake. Mwangalie mwishoni.

Ninachosema ni kimoja: kaka, usiione kwa mara ya kwanza ukiwa naye. Iangalie peke yako kabla, ujue utakaa vipi.

Kobe_Mzee

Binti amesema. Mimi sina la kuongeza, na mnajua hiyo hutokea mara chache.

MjombaWaNyegezi (Alhamisi, saa 7 usiku)

Nimeimaliza sasa hivi. Nilimwambia dogo nina kazi za ofisini, nikafunga mlango, nikavaa spika za masikioni kama mwizi.

Kwanza kuhusu matarajio yangu. Nilitegemea nitaikalia kwa mateso. Nimecheka kwa sauti mara tatu, mara ya tatu mpaka dogo akagonga mlango kuuliza ofisini kuna nini. Ilikuwa pale adui anaelea angani mbali kabisa, anatoa hotuba ndefu ya vitisho kama wanavyofanya wote, na Shazam kwa upande wake anakaza macho: unasema? Sikusikii, uko mbali, naona mdomo tu unachezacheza. Miaka yote najiuliza wale watu wanasikianaje huko juu na upepo!

Bila_Chenga yuko sahihi, vita ya mwisho ni ndefu, ningeikata robo. Sivana kweli ni jicho na koti. Kikao kile ni kibaya, Mama, nimeandika dakika kwenye karatasi ili niruke.

Mlangoni kwa mama nimefika, nimeangalia, nimerudisha nyuma nikaangalia tena. Sikuandika dakika zake. Nilishika kalamu nikaiweka chini.

Sijaamua. Kesho nitajua.

Nyota_ya_Bukoba

Pumzika kaka.

MjombaWaNyegezi (Jumapili)

Marejesho, maana mmekaa na mimi wiki nzima.

Tumeiangalia. Simu niliiweka juu ya kabati, yeye mwenyewe akaenda kuhakikisha. Kikao nilimtuma juisi jikoni, akarudi akauliza amekosa nini, nikamwambia jamaa kawaua wanahisa. Akauliza wanahisa ni nini, tukapoteza dakika tano hapo.

Risasi usoni: alianguka kwenye kochi. Alitaka irudiwe, tukairudia mara nne. Ile ya hotuba isiyosikika pia nne. Kwenye basi linaloning'inia darajani alikuwa amesimama.

Ilipofika mlangoni, akakaa. Nilikuwa nimejiandaa maneno tangu Ijumaa na yote yalinikimbia. Hakulia. Aliangalia mpaka mwisho wa ile sehemu, akavuta mto akaukumbatia, akauliza, "Anko, kwani dira ilikuwa imeharibika?" Nikamwambia hapana, ilikuwa nzima. Akasema, "Basi mama yake alisahau tu." Nikasema ndiyo, alisahau. Akanyamaza. Halafu akasema, bila kuniangalia, "Na wewe hujui mama yuko wapi, eti?"

Nikamwambia sijui. Nikamwambia nilitafuta, nilimtuma mtu Dar mara mbili, na kwamba nilipaswa kumwambia mapema. Akaitikia kwa kichwa, akasema tuendelee, Freddy ametekwa.

Hayo tu. Muvi ilivyoisha alikuwa na furaha ya kawaida ya mtoto, akataka kujua kama na sisi tukipata watu sita tunaweza kugawana nguvu, na nani apewe mbio. Mimi amenipa nguvu za kubeba vitu.

Leo mchana tumekaa kula, mimi, yeye na mke wangu. Kabla hatujaanza, dogo kaweka mkono katikati ya meza, juu ya bakuli la sato, anatusubiri. Mke wangu hakuiona muvi, akadhani anataka chumvi, akampa chumvi.

Mama_Wawili

😭😭 Akampa chumvi!

Bila_Chenga

Nafuta kauli yangu ya Jumatano. Ya vita ya mwisho siifuti.

Nyota_ya_Bukoba

Asante kwa kurudi kutuambia, kaka. Mbusu dogo kwa niaba yangu, mwambie heri ya kuzaliwa kutoka Bukoba.

MjombaWaNyegezi

Zimefika dada, na asante zaidi ya nilivyoandika.

Swali la mwisho wakuu: ameshajua kuna ya pili. Vipi?

KijanaWaFlashi

Ile ya 2023. Mapato yake hayakufika hata nusu ya ya kwanza, na hela mara nyingi inadanganya lakini pale haikudanganya sana. Ina dragoni. Watoto wamekua, muda mwingi wanapiga kelele juu ya mapaa.

Bila_Chenga

Nenda bila matarajio yoyote, mjomba. Safari hii kweli.

Kobe_Mzee

Huyo dragoni, kabla hamjaendelea, ana historia yake...

MjombaWaNyegezi

Mzee Kobe, ngoja nimwite dogo, akusikilize mwenyewe.